Nilimfukuza maktaba binti wa watu, kumbe kurasa ziko nyumbani kwangu

Admin, naomba unifichie jina, na jina la chuo pia usiliweke. Hapa Korogwe tunajuana.

Nina miaka arobaini na moja, ni mzaliwa wa Kwamsisi kule Handeni, na mimi ndiye mkutubi, peke yangu, katika chuo kidogo cha uuguzi. Nikisema peke yangu namaanisha nafungua, nafagia, naazimisha vitabu, nafunga. Chumba cha kujisomea nilikipigania mwenyewe. Kilikuwa stoo ya maharage ya jiko la chuo. Nilikipaka rangi kwa mikono yangu, nikaomba meza zilizovunjika zikagongwe misumari, nikabandika mlangoni: KIMYA. Nilifanya hivyo kwa sababu wanafunzi wengi wamepanga vyumba karibu na stendi, na kule ni muziki na honi kutwa nzima.

Lakini ndugu zangu, kulinda kimya ni kazi ya kukuzeesha. Mwanafunzi ukimwambia azime simu anakuvutia mdomo. Walimu wenyewe wanaingia na chapati zao, wanaongea na simu kwa sauti, ukiwaambia wanakujibu, "Madam, umezidi bwana, hapa ni msikitini?" Siku moja nimekuta kamati ya harusi imekaa mle inagawana kazi za mapishi, wanafunzi wamesimama nje na madaftari. Nimelalamika kwa mkuu wa chuo mpaka nimechoka.

Kilichonimaliza kabisa ni kitabu cha ukunga. Tunacho kimoja tu, kinasomewa mle mle ndani. Asubuhi moja nakifungua, nakuta kurasa za uzazi wenye matatizo zimekatwa na wembe, safi kabisa, kumi na saba. Nilikaa chini nikalia kama nimefiwa. Daftari la wasomaji lilionyesha kwamba wa mwisho kukishika ni binti mmoja wa Vugiri, nimwite Rehema. Mpole, anatoka familia ya wakulima, kila siku yeye ndiye wa kwanza mlangoni.

Nilimwita mbele ya wenzake wote. Akasema, "Madam, haki ya Mungu, nilikikuta hivyo."

"Mbona hukusema ulipokikuta?"

"Niliogopa utasema ni mimi."

Nikamwambia, "Na kweli ni wewe." Nikamnyang'anya kadi, nikampiga marufuku kuingia mpaka muhula uishe; kwa mkuu sikumpeleka, kwa kuwa sikumkuta na wembe wala kurasa. Wenzake wakaanza kumwita Wembe. Tangu siku hiyo akawa anakaa nje kwenye ngazi za maktaba, juani, anasoma makaratasi aliyoandika kwa mkono. Nilikuwa namruka nikipita. Alikuwa ananiamkia, "Shikamoo madam," nami nilikuwa sijibu. Mtihani wa ukunga ukaja, akafeli. Sasa ana sapu, inabidi aurudie.

Jumamosi iliyopita nilitoa magodoro nje niyaanike. Naishi na mtoto wa kaka yangu, yuko mwaka wa mwisho chuoni hapo hapo. Nimemlea tangu akiwa darasa la sita, naye ndiye aliyenisaidia kupaka rangi kile chumba. Nilipoinua godoro lake, zikaanguka kurasa. Nilizihesabu, kumi na saba, na muhuri wa maktaba niliougonga mwenyewe. Kumbe alikuwa amekishika kitabu siku moja kabla ya Rehema, na jina lake kwenye daftari nililiona tangu mwanzo, nikalipita kwa kuwa ni wa kwangu.

Nilipomuuliza hakulia hata kidogo. Alisema, "Shangazi, wanaochana ni wengi. Mimi nimejulikana tu kwa kuwa nalala kwako." Nikamuuliza, na Rehema je, uliyekuwa unamwona juani kila siku? Akasema, "Nilijua ungemsamehe."

Nikampigia kaka yangu nikidhani atanisaidia. Alianza kwa Kizigua, akamalizia kwa Kiswahili kana kwamba anasomea mahakamani: "Ukimtaja mwanangu, mimi na wewe tutakutana makaburini tu." Hapo ndipo ninapoumia zaidi, maana adhabu ya kuchana kitabu ni kufukuzwa chuo, na sheria hiyo niliidai mimi mwenyewe kwenye kikao, kwa sauti kubwa.

Jumatatu nilifanya jambo ambalo naona aibu hata kuliandika. Nilimfuata Rehema pale kwenye ngazi, nikamrudishia kadi, nikamwambia, "Haya mwanangu, nimekusamehe, ingia ndani usome." Aliiangalia kadi, hakuipokea. Akasema taratibu, "Madam, nikikubali kusamehewa, ina maana nilichana. Mimi sikuchana." Akainamia makaratasi yake. Nilirudi ndani na kadi yake.

Kumbe alikuwa ameshamwandikia mkuu wa chuo barua kwamba ameonewa. Mkuu ameniita leo, anataka maelezo yangu kwa maandishi kabla ya kikao cha nidhamu cha Ijumaa. Akaniambia, "Wewe andika tu ulichokiona, madam, tumalize." Karatasi ninayo hapa mezani. Nimeandika tarehe, nimeandika jina langu, basi. Mtoto yuko chumbani kwake anajisomea, mlango ameufunga. Kaka amepiga simu mara tatu tangu jioni, sijapokea.

Nikisema kweli, namkatisha masomo mtoto niliyemlea, miezi michache kabla hajamaliza, na kwetu Kwamsisi sina tena pa kufikia. Nikinyamaza, binti wa watu anabaki na jina la wembe maisha yake yote, na mimi nitaendelea kuwaambia watoto wa wenzangu wawe waaminifu.

Matusi nitayapokea, nimeyastahili. Ila mlio na busara, na hasa mliowahi kusingiziwa, niambieni: kwenye karatasi hii niandike nini?