Lebo ya Waya wa Bluu

Siku hiyo naikumbuka kwa sauti ya simu ikianguka sakafuni, mwanangu. Haikuwa simu yangu. Ilikuwa ya Mzee Kioko, fundi aliyenifundisha kazi. Yeye alikuwa kijijini Kola, mimi nilikuwa mbali, Ekalakala, na niliisikia vizuri kabisa kupitia simu yangu.

Nilikuwa na umri kama wako, na nilikuwa nimevimba kichwa. Niliunda mashine za kuangulia vifaranga, zile za boksi la mbao, na nilijiona hakuna wa kunishinda Machakos nzima. Mzee Kioko alikuwa amenipa mashine ndogo ya kuchapa lebo, hiyo unayoiona hapo mezani. Aliniambia kila waya upate jina ncha zote mbili, ili fundi yeyote atakayefungua boksi ajue anashika nini.

Hilo la "fundi yeyote" ndilo lililonikera. Kuna mmoja alikuwa amefungua boksi langu, akasoma lebo zangu nzuri, akaunda lake vile vile. Nilipandwa na hasira. Mashine iliyofuata ilikuwa ya Mwaitu, yaani Mama, Ndinda na kikundi chake cha akina mama wa Kola, na humo nilizibadilisha lebo makusudi. Waya wa feni nikauita wa taa. Halafu kulikuwa na ule wa bluu uliotoka kwenye inverta, kile kisanduku kinachogeuza nguvu ndogo ya betri kuwa stima kamili ya nyumba. Huo nikauchapia BETRI, VOLTI 12, kama wenye nguvu ndogo isiyomdhuru mtu. Ukweli niliuweka kichwani mwangu. Nilicheka peke yangu nikibandika, Mungu anisamehe.

Ikafika siku Mwaitu Ndinda akanipigia simu akihema. Boksi lilikuwa limepoa, na zilikuwa zimebaki siku mbili tu vifaranga vitoke. Mayai yote ya kikundi yalikuwa humo. Nilimwambia amwite Mzee Kioko, jirani yake. Baada ya muda Mzee akanipigia mwenyewe.

"Syombua, nimechomoa kwa soketi. Hii ya bluu umeandika betri, volti kumi na mbili. Ni ya ukweli?"

Ningesema hapana, ningelazimika kueleza kwa nini, na Mwaitu Ndinda alikuwa amesimama pale akisikia. Niliona aibu. Nikajiambia, si ameshachomoa, kuna hatari gani? Nikasahau kwamba ukichomoa kwenye soketi ndipo inverta inapoamka na kuujaza ule waya wa bluu stima kamili kutoka kwa betri.

"Ni ya ukweli, Mzee."

Nilisikia mguno mfupi, kama wa mtu aliyepigwa kifuani. Simu ikaanguka. Halafu sauti ya Mwaitu Ndinda: "Uuuwi! Ngai wakwa, Mungu wangu! Mzee! Mzee!"

Niliita jina lake mara sijui ngapi, hakuna aliyejibu. Njia yote mpaka Kola nilijua nimemuua mwalimu wangu.

Nilimkuta hai. Walikuwa wamerudi naye kutoka zahanati, ameketi kwenye kiti cha plastiki, vidole viwili vya mkono wa kulia vimefungwa bandeji. Akina mama walikuwa wakipita na mayai ndani ya blanketi, wakiyapeleka kwa kuku waliokuwa wakiatamia. Nilipiga magoti nikasema yote, mbele yao wote. Mzee akanionyesha ule mkono wenye bandeji.

"Hiyo lebo ulichapa ukiwa na hasira, sawa. Lakini mimi nilikuuliza, na hasira ilikuwa imeisha. Mbona ukasema ni ya ukweli?"

Nikamwambia niliona aibu mbele ya Mwaitu Ndinda.

Vile vidole havikukunjika tena. Alinisamehe, na kwa miaka mingi alikuja hapa karakana tukafanya kazi pamoja, akinitania kama zamani. Lakini hakushika tena waya wangu kabla ya kuupima kwa testa, hata ule niliouchapia lebo mbele ya macho yake. Aliupima polepole, kwa mkono wa kushoto, bila kunitazama. Iliniuma kila mara.

Kwa hivyo mwanangu, chapa lebo ya waya kama ulivyo, si unavyotaka watu waamini. Ukihamisha waya, lebo nayo ibadilishe hapo hapo. Kama una siri ya kazi yako, afadhali uuache waya bila jina, maana atakayekuja atauogopa na kuupima. Na mtu akikuuliza kama ulichoandika ni kweli, nawe unajua si kweli, sema, hata kama Kola nzima imesimama inasikiliza. Aibu yangu ingeisha siku hiyo hiyo.

Haya, shika waya huu. Lebo nimeichapa mimi mwenyewe, lakini upime kwanza, na Mungu akuhifadhie vidole vyako vyote kumi mpaka uzeeke navyo.