Meno Yaliyonikosesha Rebeka

Nichekeni tu, nimeshazoea, maana aibu niliyoipata kijijini Msangano siku ya posa yangu sijaweza kuisahau, na uchungu wake ninao hadi leo.

Nilikuwa nimerudi kutoka migodi ya shaba, ng'ambo ya mpaka, Rodesia ya Kaskazini, kijana hata miaka ishirini na mitano sijafika, suti mwilini, kofia kichwani, na mdomoni uozo mtupu, kwa sababu kule mgodini tulikula mkate na jamu asubuhi, biskuti mchana, usiku chai nzito ya sukari mpaka usingizi unatukuta nayo, na mswaki (nilijiona nimestaarabika) niliuacha kwa mama. Nikawa natafunia upande mmoja na kucheka nimefumba midomo, basi hakuna aliyejua.

Mshenga wangu alikuwa baba mdogo Yohana, akanionya njiani, "Wewe kazi yako ni kunyamaza."

Nikanyamaza vizuri kabisa mpaka Rebeka, binti niliyekwenda kumposa, alipoleta chai, akaniibia jicho, nami nikataka ajue anaolewa na mtu aliyetembea, nikafungua mfuko wa sukari tuliowaletea wenyeji, nikajitilia vijiko vinne, nikasema kwa sauti, "Sisi wa mgodini chai bila sukari haipiti!"

Funda la kwanza likaingia kwenye tundu la jino. Nikapiga yowe, kikombe kikaruka, chai ikamwagikia mapajani mwa baba yake Rebeka, ambaye (hapo ndipo kisirani kilipo) alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, na umri wa ng'ombe aliusoma kwenye meno.

"Hebu fungua mdomo," akasema, hata hajajifuta.

Ningefanyaje? Akanishika taya, akanigeuzia kwenye mwanga mbele ya mama mkwe na mashangazi wote.

"Yohana, ulisema kijana. Huyu mzee! Ameacha watoto wangapi huko Rodesia?"

"Kijana huyu, ndugu yangu, nimembeba mwenyewe mgongoni..."

"Meno nayajua mimi. Chukueni na sukari yenu."

Rebeka akainama kuokota vipande vya kikombe. Hakunitazama tena.

Mganga wa zahanati huko Mbozi aliponing'oa mawili ndipo akanieleza kwamba si uzee: sukari na mabaki ya mkate na biskuti yakilala kwenye meno, vijidudu huyala na kutoa uchachu unaotoboa jino. Nikaenda mbio Msangano kumweleza baba yake, nikakuta Rebeka ameshaolewa. Mumewe, aliyekuwa amekuja hapo ukweni, ndiye aliyenikaribisha, mzee wa rika la baba yangu, sukari hajui hata ladha yake, kijiti cha mswaki amekichomeka sikioni, anatafuna mahindi makavu ya kukaanga huku ananichekea, na meno yake yote yamo.

Nimeapa sukari siigusi tena, na mswaki napiga kila usiku, ingawa meno yenyewe yamebaki ya kuhesabu, na yule niliyetaka anione nikicheka yuko kwa mwingine.