Nyumba ya Tatu

Nyumba yangu niliiangusha mimi mwenyewe. Mutu asikudanganye kwamba iliungua. Moto haukugusa hata ubao mumoja. Niliishika kwa ndoano ya chuma, nikapiga kelele, "Vuteni!", na bamama wa avenue, njia yetu ya mutaani, wakavuta pamoja nami mpaka manjanja yote, yale mabati ya paa, yakalala chini. Halafu wakanipigia makofi. Nami nilicheka. Nilikuwa mujinga mwenye furaha.

Tunakaa mutaa wa Keshero, upande wa chini, karibu na ziwa. Nyumba zetu ni za mbao, zimesimama juu ya mawe ya volkano, zinagusana mabega kama watu kwenye benchi ya kanisa. Gari la bapompiye, wale wazima moto, linafika kwenye barabara kubwa na linasimama pale, maana kwenye mawe yetu hata pikipiki inalia. Maji tunayaona kila siku, ziwa zima, lakini yanapanda kwetu ndani ya bidoni, juu ya mugongo wa mwanamuke. Kabla bidoni ya pili haijafika, nyumba imeisha.

Kwa hiyo pompiye ni sisi. Muzee mumoja aliyefanya kazi hiyo zamani alikuja kutufundisha, akasimama mbele yetu na fimbo yake.

"Mbao zikishika, musipoteze maji juu yake," alisema. "Ile inayowaka muiite moja. Jirani yake ni mbili, nayo muiage. Ya tatu muiangushe haraka, mutoe kila ubao, mubakize mawe matupu. Moto ukifika pale utakosa chakula."

Mama mumoja akauliza, "Na mwenye nyumba ya tatu, muzee? Yeye amekosa nini?"

Jibu nilitoa mimi, kwa mudomo wangu huu mukubwa. Nilisema: huyo tutamujengea mbele ya wote, hata mbele ya walioungua, kwa sababu yeye alitoa nyumba yake nzima ili wengine walale. Wote wakasema ndiyo. Kila mumoja aliapa, mukono juu ya muti wa ndoano, wanaume pia, hata shefu wa avenue.

Ndoano walinipa mimi, kwa kuwa nina mikono ya kukamua ng'ombe. Filimbi na hesabu ya nyumba walimupa rafiki yangu, kwa kuwa yeye alimaliza shule ya musingi, na mimi baba alinitoa mwaka wa pili niende kuchunga. Rafiki huyu tulishuka naye kutoka milima ya Masisi, siku moja, njia moja. Tulivaa kitenge kimoja kwa zamu. Mutoto wake wa kwanza nilimupokea mimi, nikamukata kitovu. Ananiita yaya, yaani dada mukubwa, na mimi sikuwa na mutu mwingine wa kuniita hivyo.

Moto ulishika asubuhi moja ya kiangazi, kwa mama anayekaanga mikate. Mafuta yalimwagika kwenye mbabula, jiko lake la makaa, na upepo wa ziwa ukayabeba juu. Filimbi ikalia. Rafiki yangu alipanda juu ya rundo la mawe, mahali pake pa kuhesabu, na mimi nikakimbia na ndoano. Moshi ulikuwa muzito. Nyumba sikuziona, nilisikia tu sauti yake.

"Moja!" akaita. "Mbili!" Halafu sauti yake ikapanda. "Tatu ni yako, yaya! Ni yako!"

Sikuuliza. Ungeuliza nini? Niliingia, nikatoa mutoto wa binti yangu aliyekuwa analala, nikatoa godoro na sufuria mbili, nikageuka, nikatia ndoano kwenye kona ambayo marehemu bwana yangu aliipigilia misumari. Nakuambia ukweli: nilijisikia mukubwa. Nilifikiri, leo wajukuu wangu tisa wanamuona koko wao, yaani bibi yao, ni mutu wa namna gani.

Kisha upepo ukageuka, ukarudi ziwani. Moto ulikula nyumba ya mama wa mikate, ukakula chumba cha muzee kiziwi wa sikio moja anayekaa jirani yake, ukalamba ukuta wa rafiki yangu na kuuacha mweusi. Ukafia pale. Yangu ilikuwa tayari chini.

Wiki ile watu walijenga. Walijengea mama wa mikate. Walijengea muzee. Nilibeba mawe pamoja nao, nikisubiri. Mbao zangu zilipungua kwenye rundo, zikienda kwa wengine, leo mbili, kesho tano. Nilipoenda kwa shefu wa avenue, alikuwa anapiga mswaki, hata hakutema.

"Mama koko, msaada ni wa walioungua. Wewe uliungua?"

"Niliangusha, shefu. Kwa ajili yenu."

"Njo vile. Uliangusha mwenyewe. Batu bote balikuona."

"Na mukono wako juu ya ndoano?"

"Mama, ile ilikuwa ya kufundishwa tu."

Nikarudi kwa binti yangu, kulala sita katika chumba kimoja, miguu ya wajukuu kwenye mbavu zangu. Hilo ningelibeba. Avenue ni watu wengi, na watu wengi hawana aibu. Lakini muzee wa sikio moja aliniita nikipita, amekaa mbele ya mulango wake mupya.

"Mama, nikuulize. Siku ile mimi nilikuwa nimekufa?"

"Kwa nini, muzee?"

"Sikio langu hili moja ni zima. Nilisikia moja, kwa mama wa mikate. Nikangoja niitwe mbili. Tatu ilipoitwa kwako, nikajua mbili ilikuwa ya rafiki yako. Mimi nimepitwa kama mbwa."

Nilisimama pale nikahesabu kwa vidole. Mama wa mikate, moja. Muzee, mbili. Rafiki yangu, tatu. Mimi, nne. Nikahesabu tena kutoka juu, kutoka chini. Vidole havikubadilika.

Nilimukuta rafiki yangu anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuinua uso.

"Chumba cha muzee uliita nini?" nikamuuliza.

"Yaya, ile ni kibanda. Si nyumba."

"Mutu analala mule."

Majani yalimuanguka. "Mbili moto unaweza kuiacha, tatu lazima ianguke. Nilikuwa na watoto ndani," akasema. "Nilikuwa na mashine yangu ya kushona. Nilijua wewe hutakataa."

Hapo ndipo aliponiua. Si kwamba aliogopa, kila mutu anaogopa. Alinichagua kwa sababu mimi ni mutu wa kukubali. Wema wangu aliufanya ngazi, akaupanda, akapita.

Siku tatu sikula vizuri. Ya nne nilichukua kopo la rangi nyeupe iliyobaki ya madirisha yangu, ambayo sasa hayana nyumba, nikashuka mpaka mwisho wa avenue, pale moto ulipoanzia. Namba nazijua, hizo baba hakuninyang'anya. Niliandika juu ya kila mulango, kuanzia moja, kubwa, mutoto asome, mulevi asome. Muzee wa sikio moja alifuta mulango wake kwa kofia kabla sijaandika, akabaki anaiangalia namba yake.

Rafiki yangu alitoka. Watu walikuwa wamekusanyika.

"Yaya, na ile kibanda umeipa namba?"

"Ni nyumba," nikasema. "Sogea, nifike kwako."

Akasogea. Niliandika tatu juu ya mulango wake, rangi ikashuka kidogo, sikuifuta. Kisha nikaenda kwenye kiwanja changu. Hapakuwa na mulango. Nilichagua jiwe kubwa la volkano, jeusi, nikapiga magoti, nikaandika namba yangu pale, nne.

"Kesho tutakuletea mbao," mama mumoja akasema nyuma yangu.

Sikugeuka. Rangi ilikuwa bado mbichi.