Mama wa Mpelelezi Alizikwa Kitabu cha Nne

Nyumbani kwetu Mollo, huko Ufipa, tulikuwa na ugomvi wa kudumu na mwandishi ambaye hajui hata kama tupo duniani. Anaandika riwaya za upelelezi, mfululizo usiokwisha, mpelelezi yuleyule tangu kitabu cha kwanza hadi hiki kilichotoka juzi. Mama alivinunua stendi ya Laela kila alipokwenda kuuza mahindi, vingine havina hata jalada. Tulivisoma tukiwa kazini: yeye anapukuchua mahindi, mimi nasoma kwa sauti. Tukifika mahali ambapo muuaji anaanza kunukia, anainua mkono. "Simama hapo. Nani kaua?" Kila mtu anataja wake, na atakayekosea ataosha vyombo. Niliosha vyombo utoto wangu wote.

Ubaya wa vitabu vile tuliujua fika. Mpelelezi hazeeki. Nilipokuwa darasa la nne alikuwa kijana wa miaka thelathini na tano. Leo mimi nimempita, yeye bado kijana. Kila kitabu lazima apigwe risasi begani, bega lilelile, jamani, si lingekuwa chujio la chai? Mwanamke mzuri akiingia sura ya pili usimzoee, sura ya tano anazikwa. Na siku mwandishi alipomleta Sumbawanga, tena mwezi wa saba, alimshusha kwenye basi anafuta jasho. Jasho! Mwezi wa saba! Mama alicheka mpaka gunzi likamponyoka. "Huyu Ufipa hajaikanyaga," akasema. "Angekuja na koti."

Lakini lililomkera kuliko yote ni hili. Kitabu cha nne, mama mzazi wa mpelelezi anakufa. Tulimlilia. Mama aliacha kupukuchua, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Kitabu cha tisa, mpelelezi anarudi kijijini hoi, anasukuma mlango, na mama yake huyo hapo jikoni, anasonga ugali. Hakuna maelezo, hakuna samahani. Mama alininyang'anya kitabu akakitazama yeye mwenyewe. "Si alikufa huyu? Si tulimzika? Mwandishi mvivu, hasomi hata alichokiandika kwa mkono wake!" Tangu siku hiyo, ukimtajia mwandishi yule, jibu lilikuwa hilohilo.

Uzuri nao niuseme, nisionekane nina choyo. Mtu yule anaujua uongo. Tajiri wake hudanganya kwa kujibu haraka, maskini wake hudanganya kwa kujibu asichoulizwa. Halafu mpelelezi ana njaa ya kweli. Hata maiti iwe chumba cha pili, atauliza kama kuna chochote jikoni. Kwa hilo Mama alimsamehe mengi.

Mwaka jana, baada ya mavuno, Mama alipata kiharusi. Hospitali walimhudumia, wakamruhusu, nikamleta kwangu mjini. Mkono wa kulia ulilegea, ila mkono haukunitisha sana. Kilichonitisha ni kimya. Kiswahili hakikutoka. Kifipa, lugha aliyonibembelezea, nacho hakikutoka. Alinitazama tu, kama abiria anayengoja basi lisilo lake. Daktari alisema maneno huenda yakarudi, huenda yasirudi. Tumsemeshe, tumsomee anachokipenda. Niliogopa jamani, nisiwafiche. Niliogopa kwamba namlisha na kumwogesha mama ambaye ameshaondoka.

Akina mama wa jumuiya yetu walikuja, tukasali rozari, tukasoma zaburi. Mama alitulia, asifungue mdomo. Walipoondoka nikatoa kitabu cha kwanza. Mwenyekiti wao akarudi kuchukua sweta aliyoisahau, akanikuta.

"We binti! Mgonjwa unamsomea habari za damu?"

"Ndizo anazozipenda, mama."

Akaguna, akatikisa kichwa, akavuta kiti. Nilipofunga kitabu aliuliza, "Kwa hiyo nani kaua?" Tangu hapo hakukosa.

Basi nikawa nasoma kila nikitoka kazini. Nikifika pale petu nasimama. "Nani kaua, Mama?" Kimya. Nataja mwenyewe, nakosea mwenyewe, naosha vyombo mwenyewe. Kitabu cha nne nilikiruka. Nani angesoma mazishi ya mama wa mtu pembeni ya kitanda kile?

Cha tisa nilikianza bila kukumbuka kilichomo. Nilikuwa nimechoka, nasoma tu, mpaka mpelelezi aliposukuma mlango. Mama yake akageuka kwenye jiko na mwiko mkononi, akamwambia, "Nawa mikono." Nikaficha uso nyuma ya kitabu nalia kama mtoto.

Kwenye mto ikasikika sauti nzito, imepinda upande.

"Si... alikufa... huyo?"

Mwenyekiti wa jumuiya aliruka kitini. "Yesu na Maria!" Nikashusha kitabu. Mama alikuwa amekunja uso, anapiga blanketi kwa mkono wa kushoto, amekasirika kwelikweli. "Alikufa," akarudia. Akatafuta neno jingine, akalitafuta, jasho likamtoka, akalipata. "Mvivu!"

Nilimkumbatia nikicheka na kulia kwa pamoja. Alikuwepo. Muda wote ule alikuwepo, anasikiliza, na kwa hasira zake zilezile!

Maneno mengine yalirudi taratibu, Kifipa kwanza, Kiswahili kikafuata kwa kuchechemea. Siku hizi usingizi wangu ni wa mtu aliyetuliwa gunia. Juzi nilitoka kazini hoi, nikasukuma mlango, nikamkuta jikoni anasonga ugali kwa mkono wa kushoto. Nikaganda mlangoni.

"Unashangaa nini?" akasema. "Nawa mikono."

Ugali ulikuwa na madonge. Niliula wote. Tulipomaliza nikamwambia kwamba mwandishi wetu mimi nimeshamsamehe, na ule ukurasa wa kitabu cha tisa naona ndio mzuri kuliko zote alizoandika.

Mama akasonya. "Msamehe wewe. Mimi yule mama nilimlilia."

Kisha akanisogezea vyombo.