Siku Niliyomkimbia Mkwe Ndani ya Meli

Nimewahi kuaibika mara nyingi, na aibu nyingine nazisimulia mwenyewe kwenye pombe ya rubisi watu wakicheka nami nacheka nao, ila hii ya melini huwa naianza nikicheka wa kwanza na kuimaliza nimenyamaza, kwa hiyo mnivumilie, na mtu asinikatize katikati kwa sababu nikisimama sitaendelea.

Ilikuwa wakati ule wa vita. Sisi tulikuwa tumeshahamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, Nyabusozi, nyumba zimepangwa mistari kama matuta ya pamba, na waliotupimia viwanja (Mungu awasamehe, walikuwa vijana wa kutoka mbali, wana kamba na vigingi vyao) hawakuuliza nani ni nani kwa nani, wakampimia mama mkwe wangu mkabala na mlango wangu. Sasa kwetu mkwe ni mtu wa kuogopwa. Mama aliyekuzalia mke humtazami usoni, humpi mkono, huli mbele yake, jina lake hulitamki na yeye lako halitamki. Zamani mtu alioa kilima cha mbali huko, mkwe mnaonana kwenye misiba, lakini mimi nilikuwa nikifungua mlango tu huyo hapo anapepeta maharage. Basi nikajifunza kukohoa kabla ya kutoka, nikikohoa yeye anajitanda khanga, akikohoa yeye mimi nageukia ukuta, tukaishi miaka kwa amani ya kikohozi, mpaka mganga wa zahanati akaniita kando kuniuliza kama nimeshapimwa kifua.

Ndipo ikaja habari kwamba shemeji yangu Fidelis, kaka yake mke wangu na mtoto wa kiume pekee wa mama yule, amejeruhiwa vitani na amelazwa hospitali kubwa Mwanza. Baba mkwe alikuwa ameshafariki. Mke wangu Adelina alikuwa mjamzito wa kukaribia kabisa, huyo humpandishi lori. Na mama mwenyewe alikuwa hajawahi kuvuka Biharamulo mjini, Kiswahili alichokijua ni cha kuitikia hodi.

"Baba Tereza, ni wewe tu," Adelina akaniambia. "Mama anataka kumwona mwanawe. Hataki kingine."

Nikasema sawa, maana ungesemaje. Nikavaa suti yangu ya Kaunda (nilikuwa muuzaji wa duka la ushirika la kijiji, na ile suti ndiyo ilikuwa heshima yangu yote), mwenyekiti akatuandikia barua ya safari, tukadandia lori la kwenda Nyamirembe, mimi mbele kwa dereva, mama mkwe nyuma na akina mama wenzake, kikapu chake cha karanga za kukaanga amekikumbatia. Mpaka hapo nilikuwa najisifu moyoni kwamba mambo yanakwenda kwa adabu.

Gatini Nyamirembe kulikuwa na boti ya mizigo inapakia marobota ya pamba na samaki wakavu, inaondoka mchana uleule na kuingia Mwanza alfajiri. Haina daraja la kwanza wala la pili, watu wanakaa juu ya marobota wamebanana, goti kwa goti. Na kesho yake asubuhi ilikuwa inakuja meli kubwa ya abiria, nyeupe, yenye madaraja, ngazi, na mabenchi ya ndani. Hiyo ingefika Mwanza alasiri.

Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa anauza chai pale, na nikiikumbuka sauti yake leo, natamani ningemsikiliza.

"Meri kubwa ni nzuri," akasema, "lakini mgonjwa hangoji uzuri. Panda hii ya pamba."

"Mama, nina mkwe," nikamwambia. "Nitakaaje naye pamoja usiku kucha juu ya robota moja?"

"Mwenyewe umemuuliza?"

"Simuulizi. Ni mkwe."

"Basi ngoja nimuulize mimi, lugha yenu naisikia."

Nikamwambia asijisumbue, nimeshaamua. Nilijiona mtu wa busara sana. Nitamkatia mama daraja la pili ndani kwenye benchi, mimi nitakaa daraja la tatu juu, katikati yetu kutakuwa na ngazi na ukuta wa chuma, nani atasema sikumheshimu? (Na niseme ukweli wote, meli nyeupe nilikuwa sijawahi kuipanda, na suti ya Kaunda juu ya samaki wakavu niliiona dhambi.) Boti ikaondoka. Mama mkwe alikuwa amesimama kwa mbali ametupa mgongo, ila nilimwona akigeuka kidogo na kuitazama mpaka ikapinda kisiwa.

Asubuhi tukapanda. Ile meli ilikuwa imejaa kuliko nilivyofikiri, kila mtu na furushi lake, na askari wengi wanapita wanatazama watu nyuso, kwa sababu siku zile ilisemwa majasusi wa adui wanapita na sisi humuhumu. Nikampeleka mama kwa kumtuma mwanamke wa Kizinza aliyekuwa mbele yangu, amwonyeshe benchi, nami nikapanda juu kuvichezea vifungo vya suti yangu. Ziwa likaanza kuchafuka tulipotoka kwenye visiwa. Huko chini, nilivyokuja kuelezwa baadaye, mama alitapika, watu wanamsemesha haelewi, anatazama huku na huku hamwoni hata mtu mmoja anayemjua, akaingiwa na hofu kwamba labda mimi nimebaki nchi kavu. Akachukua kikapu chake akapanda ngazi kuja kuhakikisha kama nipo.

Mimi nikaona khanga yake inachomoza ngazini, nikafanya kile ambacho mkwe yeyote wa kwetu angefanya. Niligeuka, nikavua koti nikajifunika kichwa, nikazungukia upande wa pili wa sitaha. Bahati mbaya na yeye (kwa kuniogopa mimi) alikwepa akazungukia upande uleule, tukakutana uso kwa uso, au niseme koti kwa khanga. Nikakimbia. Nikashuka ngazi ya kwanza niliyoiona, nikafungua mlango wa chuma nikajikuta kwenye mitambo, moto na kelele, mahali ambapo abiria haruhusiwi kutia mguu. Kabla sijavuta pumzi nikashikwa ukosi.

Alinishika sajini mmoja, mtu wa kusini kwa lafudhi yake, mrefu, hana masihara. Akanipandisha hadharani na koti langu bado liko kichwani, kwapa la suti limeachia.

"Ndugu, unajificha nini kwenye mitambo ya meli?"

"Namkimbia mama mkwe, afande."

Watu wakaangua kicheko, mmoja akasema huyo mkwe basi ana ngumi. Sajini hakucheka. Barua ya mwenyekiti akaisoma, akasema barua hata jasusi anaandikiwa. Akaamuru mama aletwe. Wakamleta, yule mwanamke wa Kizinza, aliyekuwa anaisikia lugha yetu, akiwa mkalimani, wakamsimamisha mbele yangu hatua mbili tu, watu wametuzunguka kama wanatazama ngoma.

"Mama, unamjua mtu huyu?"

Mama mkwe akajifunika khanga uso mzima, akatupa mgongo, akanyamaza. Akaulizwa tena, basi ataje hata jina langu. Kimya. Mimi nilijua kimya kile ni heshima, tena heshima ya hali ya juu, hata nilimshukuru moyoni, lakini kwa sajini yule kilikuwa na maana moja tu.

"Hamjui," akasema. "Tukifika Mwanza huyu anashushwa na kupelekwa kuhojiwa. Mama aende zake."

Aende zake wapi? Hapo ndipo kicheko chote kilinitoka mwilini. Mwanamke asiyejua neno la Kiswahili, ameshuka Mwanza peke yake na kikapu cha karanga, hospitali haijui iko upande gani, na mimi niko ndani, labda siku, labda wiki, nani anajua, ilikuwa vita. Nikafanya jambo ambalo tangu nimuoe Adelina sikuwa nimelifanya. Nikamsemesha mama mkwe, kwa lugha yetu, mwenyewe, mbele ya watu.

"Mama, wakinichukua mimi, nani atakupeleka kwa Fidelis?"

Mama akanigeukia. Kisha akateremsha khanga. Nilikuwa sijui kwamba macho yake ndiyo haya ya Adelina. Akanisogelea, akanishika kifundo cha mkono, akalitamka jina langu, Gervazi, akalirudia kwa sauti ili wote walisikie.

"Anasema huyu ni mume wa binti yake," yule Mzinza akafasiri, na sauti yake imebadilika. "Anasema ana mtoto hospitali, askari kama ninyi. Anasema msimtenganishe naye, yeye njia haijui."

Nilitamani ziwa linimeze kwa aibu, nimeshikwa mkono na mkwe mchana kweupe, lakini sikuutoa mkono. Sajini alinitazama, akanifuta vumbi begani kana kwamba ndiye aliyelitia.

"Mngesema mapema," akasema taratibu. "Majeruhi wengine wanasafirishwa leo na treni ya jioni, kupelekwa hospitali nyingine za mbali. Sijui kama wa kwenu yumo. Meli ikifunga gati, nyinyi shukeni wa kwanza."

Tukashuka wa kwanza. Tukapanda kile kilima cha hospitali, mama amevua viatu ameviweka kikapuni, na barabara ya Mwanza ilivyo na magari na baiskeli ilibidi nimshike mkono mimi, safari hii mimi ndiye niliyemshika. Wodini kitanda kilikuwa kitupu, shuka limeshatolewa. Muuguzi akasema wamekwenda stesheni, sasa hivi tu. Tukateremka mbio. Mnajua mkwe na mkwe wakikimbia mjini wameshikana mikono? Hamjui, wala mimi sikuwa najua, na watu wa Mwanza wakatupisha tu kama tunawahi soko.

Behewa lao lilikuwa la nyuma. Fidelis alikuwa dirishani, amekonda, blanketi limelala tambarare upande wa mguu wa kushoto. Akatuona kabla hatujamwona.

"Mama," akaita kwa lugha ya nyumbani, "umemshika mkwe mkono?"

Akacheka mpaka akakohoa, na kikohozi kile kilinifanya nigeuze uso kwa mazoea, halafu nikaona analia. Mama hakuniachia. Mkono mmoja akampa yeye dirishani, wa pili ukabaki kwangu.

"Umekula?" akamuuliza. Basi. Mwanamke aliyesafiri vile, swali alilokuwa nalo ni hilo.

"Nimekula, mama. Nilikuwa nawangojeni tangu asubuhi. Ndugu za mwenzangu wa kitanda cha jirani walifika alfajiri na boti ya pamba kutoka Nyamirembe, nikajua na nyinyi mmo, nikamwomba muuguzi anivalishe shati."

Alikuwa amelivaa, vifungo mpaka shingoni. Mimi nikatazama chini. Tukampitishia karanga dirishani, mama akamshika shavu, treni ikapiga honi, na behewa likaanza kututoka mikononi polepole, mama akitembea nalo, akitembea nalo, mpaka jukwaa likaisha.

Fidelis hakurudi Nyabusozi. Kidonda kilimshinda hukohuko alikopelekwa, tukaletewa habari na nguo zake. Siku nzima alikuwepo pale Mwanza amevaa shati anamngoja mama yake, na ile siku niliitumia mimi kulinda heshima.

Siku ileile ya treni, tuliporudi gatini Mwanza kutafuta usafiri, vyombo vilikuwa viwili tena, meli nyeupe ya kesho na boti inayopakia chumvi. Nikageuka nikamuuliza mwenyewe, bila mkalimani.

"Mama, tupande ipi?"

"Inayotangulia," akasema.

Tukakaa juu ya magunia ya chumvi, goti kwa goti, na suti yangu haikufa. Hajawahi kunilaumu, si kwa neno wala kwa jicho, laiti angenilaumu. Nami tangu hapo nina kiapo: chombo kinachoondoka leo ndicho changu, hata kama kimebeba mkaa, hata kama ninayesafiri naye ni askofu, na mtu mwenye safari namuuliza kwanza anataka nini, adabu itatukuta njiani.

Kijijini tulirudi kwenye desturi zetu. Alijitanda khanga, mimi nikageukia ukuta, vikohozi vikaendelea mpaka alipofariki. Ila jina langu hakuacha tena kulitamka. Jioni, akipita na kuni nyuma ya nyumba yangu, amejifunika uso wote, alikuwa anasimama kidogo na kuniita kupitia ukutani.

"Gervazi, umekula?"