Matofali Yaliyogeuka Uji

Rukaiya wa Nachingwea alikuwa na vidole vyepesi, na ndivyo vilivyomponza. Maabara moja ya matofali ilimwajiri ahamishie kwenye kompyuta vipimo vya miaka mingi vya matofali ya udongo na majivu ya maganda ya korosho, ili kompyuta ijifunze, halafu ichague mchanganyiko ulio imara kuliko yote.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka alipofika kwenye matofali yaliyolowekwa. Mafundi wa zamani hawakuwa watu wa maneno mengi. Tofali likivunjwa na mashine, waliandika uzito uliolivunja. Likiyeyuka hata kabla ya kufika mashineni, waliandika: "Limekuwa uji."

"Bosi, huu uji naujaza wapi? Hapa panakubali namba tu."

"Uruke," alisema Eustace, mkuu wa maabara, mtu wa shahada mbili na subira nusu.

"Nisiweke hata sifuri?"

"Sifuri zote hizo mbele ya wafadhili? Ruka, twende!"

Rukaiya akaruka. Kompyuta, ambayo haijawahi kunyeshewa, ikasoma habari za matofali mashujaa tu, ikatangaza mchanganyiko wa majivu mengi, ule ule ulioandikwa uji mara nyingi, kuwa bingwa wa masika. Eustace akachapisha bango.

Miezi michache baadaye Imrani, mdogo wake Rukaiya, alipiga simu kutoka Mbekenyera.

"Dada, nyumba ya mama imeisha! Nimetumia yale matofali yenu ya kompyuta. Keshahamia."

Chai ikampalia. "Mtoe humo! Yakilowa yanayeyuka!"

"Acha masihara. Si wewe mwenyewe uliyeifundisha hiyo kompyuta?"

Rukaiya alipanda basi dogo hadi Ruangwa, kisha bodaboda, jicho moja kwenye mawingu. Mama alimpokea kwa vigelegele, akamwonyesha ukuta kama anayemtambulisha mkwe. Rukaiya akaumwagia maji kata moja, akasubiri kidogo, akabonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikazama.

"Hilo tofali moja tu bovu," Imrani alisema, lakini sauti ilikuwa imeishiwa nguvu.

Tone la kwanza likagonga bati. Rukaiya alikunja godoro la mama, akajitwika, akatoka nalo. Mama akamfuata mbio.

"Mwone huyu! Hata nyumba ya mama yake inamuuma! Mchawi we!"

Rukaiya alizidi kwenda na godoro lake kichwani. Alimwacha atukane mpaka achoke, maadamu alikuwa anatukania nje.