Hodi ya Pasi

Nyumbani kwetu Maili Moja mtu hawashi pasi bila kupiga hodi.

Fundi aliyetuingizia umeme alitumia waya mwembamba, akaweka na breka ndogo, akamwambia baba, "Mzee, hii ni ya taa, friji na tivii. Vitu vya moto, kimoja kimoja. Ukiweka breka kubwa juu ya waya huu utaunguza nyumba." Baba akasema atabadilisha waya. Nilikuwa darasa la tano. Sasa niko kidato cha tatu, na waya ni uleule.

Vitu vya moto kwetu ni pasi, jagi la kuchemshia maji na jiko la umeme. Pampu ya maji haina moto, lakini tunaihesabu humohumo maana ikiamka inavuta sana. Viwili vikikutana, breka inajishusha na nyumba nzima inazima. Kwa hiyo ukitaka kuwasha unapaza sauti, "Hodi, pasi!" Kama hakuna kingine kinachowaka unaitikiwa, "Karibu, pasi!" Kama kipo unaambiwa, "Subiri mlangoni, jagi yupo ndani!" Ulianza kama utani wa baba, ukageuka sheria. Wageni hudhani tumechanganyikiwa.

Ratiba niliandika mimi, nikaibandika kwenye mlango wa friji: nani anapiga pasi saa ngapi, maji yanapandishwa saa ngapi. Kaka yangu akaniita Waziri wa Nishati. "Mheshimiwa, naomba dakika kumi za pampu." Nilijifanya nimekasirika, ila nililipenda jina lile. Kuandika naweza. Kinachonishinda ni hodi yenyewe. Sauti yangu haitoki. Darasani nikiulizwa nasimama na jibu ninalo, linafika kooni linakaa hapo. Nyumbani nikisema "Hodi, pasi" hata paka hageuki. Nilikuwa nanong'ona, nasubiri kidogo, nisiposikia kitu nachukulia nimekaribishwa.

Mwezi wa saba mayai ya bibi yakaingia kwenye ratiba.

Bibi mzaa baba anaishi Chole, Kisarawe. Anafuga kuku wa kishingo, wale wenye shingo tupu. Mbegu yake alipewa na mama yake alipoolewa, na tangu hapo hajaichanganya. Jogoo wa jirani akikatiza uani anafukuzwa kwa fagio. Mwaka huu ugonjwa wa kideri ulipita ukafagia banda. Wakabaki mitetea watatu na jogoo mmoja, nao wamejikunyata. Bibi akaokota kila yai walilotaga, akayapanga kwenye ndoo ya pumba, akayaleta mwenyewe. Yalikuwa ishirini na mawili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu." Ananiita hivyo kwa kuwa marehemu babu alikuwa akiniita mkewe. "Nimekuletea wanao. Baba yako ana lile sanduku lake la taa. Wale wangu hawataatamia, wanakufa wale. Hawa ndio waliobaki."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Sanduku ni mashine ya kutotolesha vifaranga: mbao nyepesi, balbu nne, feni ndogo na kipimajoto. Haili umeme mwingi, ila inakula mchana na usiku kwa siku ishirini na moja. Kwenye ratiba niliandika kwa kalamu nyekundu: MASHINE HAIZIMI. Siku ya saba tulimulika mayai kwa tochi, kumi na tisa yakaonyesha mishipa. Nilimpigia bibi kumwambia. Akaniambia jogoo amekufa jana, na mtetea wa mwisho asubuhi ile. "Basi nitazamie hao hao," akasema.

Siku ya kumi na nane ilikuwa Jumamosi, manyunyu tangu alfajiri na baridi ambayo huku hatujaizoea. Wazazi walikuwa wanakwenda msibani Mlandizi, kaka anakwenda zake mpirani. Mama aliniambia nimnyooshee baba kanzu. Yeye alikuwa jikoni anachemsha chai kwenye gesi, na kaka alikuwa nyuma anapandisha maji kwa pampu. Nikasema hodi. Nilisema kama ninavyosema siku zote. Hakuna aliyeitikia. Nikawasha.

Kataa kekundu ka pasi kakazimika mkononi mwangu. Kule nyuma pampu ikanyamaza.

"Haya, wamekata hao!" mama akasema jikoni.

"Kawaida yao," kaka akaitikia.

Lazima nieleze maneno mawili. Umeme ukikatwa na wenyewe, tunasema "wamekata", na kazi yako ni kungoja. Breka yetu ikijishusha tunasema "tumejikata", na mtu anatoka anakwenda ukuta wa nyuma kuipandisha. Wiki ile walikuwa wamekata mara tatu, kwa hiyo neno lilimtoka mama bila kufikiri. Mimi nilikuwa na kila sababu ya kufikiri. Lakini lile "wamekata" lilinipa nafuu. Kama ni wao, basi si mimi. Nikaliachia neno likae.

"Weka chupa za maji ya moto kwenye mashine kama siku ile walipokata," mama akaniagiza. "Na usifunguefungue." Wakaondoka.

Saa nne nilikwenda kuitazama breka. Ikijishusha haianguki yote, inasimama katikati, na kwa mtu anayetaka kuiona iko juu, iko juu. Sikuigusa.

Saa tano na nusu nikasikia blenda kwa jirani. Niandike ukweli: niliisikia. Nikajiambia labda wamewasha jenereta. Jirani hana jenereta.

Nilitoka mpaka getini kwake nikaulize lile swali dogo ambalo mtaani kila mtu anauliza, "Kwenu upo?" Vijana wa pale walikuwa wanaosha pikipiki. Mmoja wao aliwahi kuiga shikamoo niliyompa mama yake, kwa sauti ya mbu, wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini. Akainua kichwa. "Vipi, mtoto wa jirani, umepotea?" Nikajifanya naokota kitu chini, nikarudi.

Saa saba gesi iliisha. Mkaa ulikuwa umelowa, nikaupepea mpaka machozi. Kipimajoto, ambacho hutakiwa kukaa karibu na thelathini na nane, kikashuka mpaka ishirini na tisa. Nikaingiza chupa zinazotokota, kikapanda kupita arobaini. Nikazitoa, kikashuka tena. Nilikuwa nawapika na kuwagandisha kwa zamu. Nilikaa sakafuni nikawasemesha mayai, na kwao sauti ilitoka bila shida.

Saa kumi na mbili jioni baba na mama walirudi, baba akasimama uani. "Mbona taa ya jirani inawaka?"

Akazunguka nyuma. Nikasikia tak.

Friji ikaunguruma. Feni ya mashine ikaanza. Na juu ya meza, kando ya kanzu yenye mikunjo yake yote, kataa ka pasi kakawaka. Sikuwa nimeichomoa.

Baba aliitazama pasi muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. "Ulipiga hodi?"

"Nilipiga."

"Nani alikuitikia?"

Mama akasema taratibu, "Mimi sikusikia kitu."

Mama wa jirani alikuwa amesikia, akachungulia juu ya ukuta. "Kwetu haujakatika tangu juzi. Si ungeuliza, mwanangu? Ungegonga hata ukuta." Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningelala.

Siku ya ishirini na moja mayai matatu yalitobolewa. Kifaranga mmoja alitoa mdomo akachoka humohumo. Wawili walitoka, wamelowa, shingo tupu. Tulingoja siku mbili zaidi, kisha kaka akayachimbia mengine nyuma ya choo, na siku ile hakuniita Waziri.

Baba alimpigia bibi simu mbele yangu. "Walikata umeme, mama. Kutwa nzima." Nilielewa ananikinga. Niliona heri angenichapa.

Nikawalea wale wawili kama mboni ya jicho. Bibi alisema wawili wanatosha, dunia yenyewe ilianza na wawili. Kila nilipoona vilemba vyao vinawahi kuota na kuwa vyekundu nilijidanganya, mpaka asubuhi moja mmoja akawika kwa sauti mbovu, na keshoye mwenzake.

Tuliwapeleka Chole likizo ya mwezi wa kumi na mbili. Bibi alimpokea wa kwanza, akampapasa miguu, akamweka chini. Akampokea wa pili.

"Majogoo," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Wote."

Akakaa kwenye kigoda. "Hivi hao wanaokata umeme, mke mwenzangu, wanajua kuna nini ndani ya nyumba za watu?"

Baba alikuwa anatazama dari. Jibu lilikuwepo. Lilifika kooni. Bibi alinisubiri kidogo, kama mtu anayesubiri kuitikiwa hodi, halafu akaacha kusubiri.

Mchana tukiwa uani, jogoo wa jirani alipenya uzioni, mwekundu, ana manyoya tele shingoni, akaingia mpaka kwenye banda. Fagio lilikuwa palepale, limeegemezwa ukutani karibu na mkono wa bibi. Alimtazama anavyodonoa. Hakulichukua.